Mashine ya Kukereza Haitoki Humu

Tarehe 4 Machi

Chiriku wangu,

Pokea salamu mapema, maana nikianza kuuliza maswali salamu hubaki njiani. Unakula? Kile kikohozi kimeisha? Dirisha la chumba chako linafunga vizuri au bado unaziba kwa gazeti? Uliniambia kule kiwandani mnakata vitambaa mmesimama kutwa. Basi ukirudi inua miguu uiegemeze ukutani. Usione haya, nani anakuona.

Mimi mzima. Baba yako mkubwa alikuja wiki iliyopita. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja bandani na futi kamba, akaipima mashine ya kukereza ya marehemu baba yako, urefu na upana, kama anayempimia mtu sanda. Anasema mwaka wa msiba ukitimia ataichukua. Eti ni mali ya ukoo, na mashine ya kuzungusha mbao isiyo na mwanaume wa kuiendesha ni chuma chakavu. Ameshapata mnunuzi, mtu wa kutengeneza miguu ya vitanda. Nikamkaribisha chai, akasema ana haraka.

Usiwe na wasiwasi. Mashine nimeifunika turubai na sijaigusa, kama ulivyoniapisha ulipoondoka. Mimi nisahau vipi siku ile mtandio uliponaswa, ukanivuta shingo hadi kwenye chuma, na wewe mdogo vile ukakimbia kuchomoa waya ukutani? Sijasahau.

Nakutumia chombo cha maua cha mbao. Ni cha baba yako, nimekikuta nyuma ya rafu kimekaa tu. Nimekizungushia maranda kisivunjike njiani. Kiweke dirishani kipate mwanga.

Andika upesi. Usipoandika nakuwazia mabaya, unanijua.

Mama yako


Tarehe 21 Machi

Mama yangu mpenzi,

Nakula, kikohozi kimeisha, dirisha linafunga, na miguu nainua. Umeridhika?

Chombo kimefika salama. Nilipokifungua chumba kizima kikanuka banda la baba, nikakaa kitandani nikalia kidogo, halafu nikakiweka dirishani penye jua. Hakuna aliyekuwa anajua kutoa shingo nyembamba vile kama yeye.

Sasa nisikilize. Mpe Baba Mkubwa mashine. Najua itauma. Lakini inakusaidia nini pale chini ya turubai? Mwisho utagombana na ukoo mzima kwa sababu ya chuma. Wewe mama, mbwa akiwa amelala tu unavuka barabara. Utamweza yule mzee kwa lipi? Akija mfungulie banda, achukue, funga nyumba, uje ukae na mimi. Chumba ni kidogo lakini kinatutosha, na jirani yangu ana mdomo kama wako, hutakosa wa kuongea naye.

Fikiria kwa utulivu, usiwe mkaidi.

Mwanao,
Chiriku


Tarehe 2 Aprili

Kwa binti wa marehemu mdogo wangu,

YAH: MWENENDO WA MAMA YAKO

Natumaini hujambo. Mimi ni mzima na ninaendelea na majukumu ya ukoo.

Nimeona ni wajibu wangu kukufahamisha kwamba nyumbani kwenu kuna mwanaume. Majirani wanasikia mashine ya marehemu ikinguruma mchana, na mlango wa banda ukiwa umefungwa kwa ndani. Mimi mwenyewe nilipopita nimeliona ovaroli la marehemu limeanikwa kambani, linadondosha maji. Ovaroli halijifui lenyewe, na wala halijivai. Mwaka wa msiba haujatimia.

Mama yako nilipomuuliza alisema anafua nguo za marehemu zisiliwe na nondo. Nondo wa aina gani anaacha vumbi la mbao shingoni mwa mama yako?

Mashine nitakuja kuichukua Jumamosi tarehe 27 mwezi huu, nikiwa na watu wa kubeba na mkokoteni. Huyo bwana awe ameshaondoka. Zungumza na mama yako, wewe ni mtu mzima sasa.

Ni mimi baba yako,
Baba Mkubwa


Tarehe 9 Aprili

Mama,

Leo sisalimii sana. Baba Mkubwa ameniandikia. Sikutaka kumwamini, unajua alivyo, mtu akipiga chafya yeye anatangaza kifua kikuu. Ningeichana barua yake nikacheka.

Lakini nimekiangalia kile chombo. Mama, mdomo wake umepinda. Kilipofika kilikuwa duara kamili. Wiki tatu za jua la dirishani na sasa ukikitazama kwa juu ni kama yai, na upande mmoja umeinuka kama mtu anayebeua mdomo. Mimi nimekulia bandani. Kitu cha baba kikae miaka nyuma ya rafu halafu kije kupinda kwangu? Baba alikuwa anakikereza nusu, anakiacha kinene, anakizika kwenye gunia la maranda miezi na miezi mpaka maji yaishe, ndipo anakirudisha mashineni kukimalizia. Hiki kimekerezwa kwa mti mbichi na kumalizwa hapo hapo, juzi tu. Kwa hiyo kuna mtu anakereza humo bandani, na wewe umeniambia ni kazi ya baba. Na mimi nikakililia.

Kama ni mwanaume, mimi si mtoto, niambie. Sitakuhukumu kwa hilo. Lakini kumvisha ovaroli la baba? Kumpa patasi za baba? Ni nani huyo?

Mwanao


Tarehe 15 Aprili

Chiriku wangu,

Huyo mwanaume ni mimi.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikashindwa kukaa. Sikutaka ujue kwa njia hiyo. Nimekudanganya kuhusu chombo kwa sababu niliona ukikipenda ukidhani ni cha baba yako, basi kitakuwa kimefaulu mtihani. Sasa naona nilikuwa nataka kusifiwa kwa mlango wa nyuma. Umesema hakuna anayejua kutoa shingo nyembamba vile. Hiyo sentensi nimeisoma mpaka karatasi imelegea, nisamehe.

Ovaroli navaa kwa sababu halina kitu cha kuning'inia. Mikono nimeikunja na kuifunga kwa uzi, mtandio nauacha ndani kwenye msumari, kichwa nimekifunga kitambaa kimekaza hadi masikio yanauma. Kiapo nimekivunja, lakini ile siku sijaisahau, nipo nayo kila ninapowasha.

Wewe unajua kusugua msasa na kupaka nta kulikuwa kwangu miaka yote. Baba yako alikuwa anakereza, mimi namalizia, yeye anashukuriwa. Sikuona ubaya, ndiyo mambo yalivyokuwa. Lakini baba yako mkubwa alipoipima mashine na futi yake, akasema mbele yangu kwamba haina mtu, nilikuwa nimesimama pale pale, mwanangu. Nimeshika kikombe cha chai yake. Haina mtu. Nikamwaga chai kwenye maranda, nikaenda kulivua lile turubai.

Sitakuficha tena. Siku ya kwanza patasi iliuma mbao ikaruka ikanipiga kifuani, nikakaa chini nikasema ndiyo basi. Nikaamka. Ya pili gogo lilipasuka likatoka nusu nusu. Ile miti ya mjakaranda waliyoikata kupanua barabara, niliomba vipande, ndiyo ninayojifunzia, mibichi, laini kama muhogo. Najua hupinda. Najua gunia la maranda, nani alikuwa analishona? Lakini gunia linataka miezi na mimi sina miezi, shemeji anakuja tarehe 27. Basi nakereza chembamba sana, pande zote sawa, ili kikipinda kipinde bila kupasuka. Vinapinda kila kimoja kivyake. Mama mpambaji wa kumbi amevichukua sita, akalalamika maua yanaegemea upande. Nikamwambia ageuze chombo. Amerudi kutaka vingine.

Unasema mbwa akilala navuka barabara. Ni kweli. Naogopa mbwa, naogopa radi, naogopa simu ikiita alfajiri. Nikiwasha ile mashine woga wote hauna pa kukaa. Ukifikiria kitu kingine inakutia adabu. Jioni nikizima nafagia maranda kama mtu aliyefanya kazi.

Mashine sitoi. Na kwako siji kukaa, nitakuja kutembea. Usikasirike.

Mama yako

Kula matunda.


Tarehe 20 Aprili

Mama,

Sijui nicheke au nipande basi usiku huu nije nichomoe waya tena.

Nimekuwazia upuuzi na baba yangu nimemlilia bure. Nisamehe. Lakini naogopa. Iwapo ni lazima, basi kile chuma cha kuegemezea patasi kisogeze karibu na mbao, baba alikuwa anaacha nafasi ya kidole tu kati yake. Vaa miwani yake. Usisimame mbele ya gogo unapowasha, simama pembeni. Ona sasa, nakupa mafunzo.

Jambo moja nakuomba kwa heshima zote. Mwandikie Baba Mkubwa kabla ya tarehe 27. Mwambie ni wewe, hakuna mwanaume. Aibu itakwisha na pengine atalegea. Usingoje aje na watu wake mtaa mzima ukitazama. Wewe ni mtu wa kulia haraka, na ukilia mbele yake amekushinda.

Tafadhali mama.

Chiriku


Tarehe 28 Aprili

Chiriku wangu,

Sikumwandikia. Nilikaa na kalamu, nikajiuliza naandika nini? Mheshimiwa shemeji, nakujulisha kwamba mimi si malaya? Nikaiweka kalamu nikaenda kunoa patasi.

Nakueleza yote ya jana ili usisikie kwa mwingine.

Walikuja asubuhi jua halijapata nguvu, baba yako mkubwa mbele na koti lake la vikao, nyuma wabebaji wawili na mkokoteni. Mimi nilikuwa bandani nimeshafunga kipande mashineni na nimekikereza, tumbo limetoka, shingo imetoka, ndani nimeshachimba. Kilibaki msasa. Nilisikia magurudumu. Nilitaka kukimbilia jikoni. Nakwambia ukweli wangu.

Shemeji akafungua mlango kwa bega. Akaniona na ovaroli na miwani, akanipita. Alinipita, mwanangu, kama mtu anavyopita kiti. Akachungulia nyuma ya mlango, akainua turubai, akainama chini ya meza ya kazi na kiuno chake kile kibovu, mpaka mbebaji mmoja akamshika mkono asianguke. Akaniuliza yuko wapi. Nikamuuliza nani. Akasema, huyo anayekereza.

Nikawasha.

Ndiyo nikaanza kusugua. Msasa wa kukwaruza kwanza, halafu wa katikati, halafu laini. Yeye anaongea, naona mdomo unacheza, sauti siipati vizuri. Kisha akawaambia watu wake wafungue nati za chini. Yule mkubwa wao akachuchumaa, akaangalia, akainuka. Akapaza sauti ili tumsikie wote, akasema mzee, nati za mashine inayozunguka hatufungui, sisi tuna watoto. Shemeji akaniamuru nizime.

Nikamwambia sizimi.

Basi hapo ndipo nilipoingia mtegoni mwangu mwenyewe. Chombo kimeshalainika, hakina kazi tena, lakini nikizima tu wamefungua. Nikapaka mafuta. Nikasubiri yanywe, nikapaka tena. Nikapaka nta. Nikachota maranda mkononi nikakandamiza yakiwa yanazunguka, kama alivyokuwa anafanya baba yako mwishoni, na chombo kikawaka. Kikawaka mpaka nikaona dirisha ndani yake. Shemeji amesimama tu. Nikarudi tena kwenye msasa laini, nikautoa mng'ao wote niliouweka, nikaanza upya. Mafuta, nta, maranda. Nikautoa tena. Kila nikisugua kinazidi kuwa chembamba na mimi nahesabu moyoni, kitatoboka, kitatoboka sasa hivi. Na umeme je? Huku kwetu unaujua ulivyo. Nilikuwa namwomba Mungu kwa kila kidole, mtu mzima naomba umeme usikatike kama mtoto anaomba mvua isinyeshe.

Shemeji akachoka, akaenda ukutani kwenye waya. Nikamwambia kwa utaratibu tu, "Shemeji, huo waya una kidonda. Marehemu alikuwa anajua pa kuushika, na mimi najua. Wewe hujui." Mkono wake ukarudi mfukoni wenyewe.

Wabebaji walikuwa wameshakaa juu ya magogo. Mmoja akasema ni mara ya kwanza anaona mbao inageuka kioo, akauliza kama naweza kumfanyia mkewe kimoja. Shemeji akamtazama kwa jicho la kuua. Mwishowe wakamwambia wana mzigo mwingine sokoni na yeye aliwachukua kwa asubuhi tu. Walitoka na mkokoteni mtupu. Watu walikuwa barabarani, wengi. Yeye alitoka nyuma yao akiwapigia kelele, na mimi sikuzima mpaka nilipomwona amekata kona.

Halafu nililia, ndiyo. Lakini mlango ulikuwa umefungwa, kwa hiyo haihesabiwi.

Chombo kimebaki chembamba mno, ukikishika juani unaona kivuli cha vidole vyako kwa ndani. Hicho siuzi.

Mama yako


Tarehe 3 Mei

Kwa mjane wa marehemu mdogo wangu,

YAH: WITO WA KIKAO CHA UKOO

Kwa kitendo ulichonifanyia mbele ya vibarua, unatakiwa kufika nyumbani kwangu Jumapili ya tarehe 12 saa nne kamili. Utaeleza kwa nini mwanamke anashikilia kazi ya kiume na mali isiyo yake. Utaomba radhi. Baada ya hapo mashine itatolewa kwa amani. Ukikosa kufika, kikao kitaamua bila wewe.

Nimemaliza.

Baba Mkubwa


Tarehe 6 Mei

Mama,

Barua yako nimewasomea wenzangu kiwandani wakati wa chakula. Kufika pale alipoinama chini ya meza kutafuta mwanaume, mmoja alimwaga uji wake. Kufika kwenye umeme, hakuna aliyekuwa anatafuna.

Nafasi niliyokuwekea chumbani nimeweka meza. Sikuondoi tena huko. Na mimi kikaoni sikushauri uende wala usiende, nimegundua ushauri wangu kwako ni maji juu ya nta.

Najivunia wewe. Naogopa pia. Vaa miwani.

Chiriku


Tarehe 9 Mei

Shemeji,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani kwako. Barua yako nimeisoma mwenyewe, polepole, neno kwa neno, sikumpa mtu anisomee. Shule niliyosoma ilikuwa fupi na unaijua, kwa hiyo kama nimekosea mahali pa kuweka heshima, ipeleke pale inapostahili.

Jumapili siji. Nina kazi ya mama mpambaji, kumbi mbili anazo wiki ijayo, na vyombo havijikerezi. Kikao kiamue bila mimi kama ulivyosema. Mashine nayo itaendelea bila kikao.

Radhi siombi. Nimetafuta kosa ndani yangu, na mimi ni mtu wa kujitafutia makosa, mwanangu atakuambia, hata mvua ikinyesha kwa jirani nadhani nimeisababisha mimi. Hili sikuliona.

Uliandika ni mali isiyo yangu na kazi ya kiume. Kiume au kike mimi sijui, vidole vyangu bado viko kumi, ndicho ninachojua. Nami nakupa taarifa ili usihangaike tena na mkokoteni. Juzi nimemwita fundi wa kuchomelea. Nati zote za chini amezichomelea kwenye chuma, na chuma kimo kwenye saruji. Fundi amesema haitoki tena ila itoke na sakafu. Kwa hiyo watu wako ukiwaita, waambie wanakuja kubeba banda, na bei wapatane mapema.

Hata hivyo wewe ni kaka wa mume wangu na mlango sijaufunga. Njoo siku yoyote. Lakini usibishe hodi, mashine ikiwa imewashwa sisikii. Ingia tu, simama mbali na maranda, usiguse waya, usubiri nimalize.

Mimi mkerezaji,
Shemeji yako